Sanduku la Mama Yake Musa



Ndugu zangu, na nyinyi dada zetu mlioko ghorofani, kila mwaka shule za hapa Uingereza zikikaribia kufunga mwezi wa Julai simu yangu haitulii. Ustadhi, kufupisha sala kunaanzia kilomita ngapi? Ustadhi, ndani ya feri kibla tutaijuaje na chombo kinageuka? Ustadhi, nyama ya Ufaransa vipi? Maswali mema haya, na Mwenyezi Mungu awalipe kwa kuuliza. Mwaka huu wapo miongoni mwenu waliokodi kempavani, yale magari yenye kitanda, jiko na sinki ndani, washuke nazo mpaka Hispania watoto wakaione ngome ya Alhambra huko Granada. Kutoka Calais hadi Granada ni karibu kilomita 2,000. Safari njema. Lakini katika wote walionipigia, hakuna aliyeniuliza mtoto atakaa wapi humo garini.

Najua mnasema moyoni kwamba hilo ni swali la fundi, si la shehe. Subirini kidogo.

Kisa cha mama yake Musa, amani iwe juu yake, tumekisikia tangu chuoni. Kimo katika Suratu Taha, na kimo katika Suratul Qasas. Firauni anachinja watoto wa kiume, mama ana kichanga mikononi, na Mola anamtia ilhamu: mnyonyeshe, ukimhofia mtie mtoni, usiogope wala usihuzunike, tutamrudisha kwako. Basi tazameni. Mama huyu hakubahatisha. Ahadi alipewa na Mwenye kuahidi, kwamba mwanawe atarudi tena atakuwa Mtume. Kama yupo mzazi aliyekuwa na haki ya kusema "mwanangu halitampata neno," ni yeye.

Na bado palikuwa na sanduku. Aliamrishwa amtie mtoto sandukuni kwanza, ndipo sanduku liingie mtoni. Wafasiri wengine wanasema alilipaka lami ili maji yasipenye. Kisha akamtuma dada yake Musa afuate ukingoni, aangalie kwa mbali. Ahadi ya Mungu, na sanduku, na mtu wa kuangalia. Sisi ambao hatukupewa ahadi yoyote kuhusu barabara kuu ya Ufaransa, tunampakata mtoto na kusoma dua ya kupanda chombo, tukaona tumemaliza.

Hadithi ya ngamia, ile ya kumfunga kwanza ndipo umtegemee Mungu, sitaisoma leo. Tumeisoma mpaka imechakaa, na kila mtu akitoka hapa humwona ngamia kuwa ni wa mwenzake.

Niwaambie ninachokiona mimi. Tatizo letu si uchache wa imani, wala si ujinga wa sheria, maana mjini hapa nawaona wote mna viti vya watoto garini. Tatizo ni huruma. Safari ikiwa ndefu mtoto analia. Amechoka, amefungwa, jua linampiga shavuni. Bibi yake, aliyetoka Mombasa au Unguja kuja kuwatembelea, anasikia kilio kile kama kisu. "Jamani mtoeni, mpeni nimpakate." Nani atamkatalia mama mkwe? Mkanda unafunguliwa, mtoto anahamia mapajani, analala. Gari zima linapumua.

Mimi ninayewasemesha lilinikuta. Miaka mitatu iliyopita tulikodi gari la namna hiyo, sisi na binti yetu na wanawe wawili. Tulipofika kulichukua, tuliahidiwa viti viwili vya watoto tukakuta kimoja, nacho ni kikalio kisicho na mgongo, cha kumfaa mtoto mkubwa, na mjukuu wangu ana miaka miwili. Benchi la nyuma lilitazama ubavuni, kama la daladala za zamani. Kijana wa pale akaniambia wengi huwafunga watoto hapohapo na hakuna aliyelalamika. Tukabishana, tukapoteza nusu siku, tukabadilishiwa gari, tukarudi nyumbani kuchukua viti vyetu wenyewe. Nilijiona shujaa siku hiyo.

Siku ya pili, kusini mwa Ufaransa, mtoto alilia kwa muda wa saa nzima. Nikasikia mkanda ukifunguka nyuma yangu, alama ikawaka mbele yangu, nikajua kimefanyika nini. Nikanyamaza. Mie, shehe wenu, nilinyamaza kwa sababu nilitaka kimya. Foleni ilikuwa mbele, tulikuwa tunakwenda labda kilomita 30 kwa saa, lori likashika breki nami nikashika breki. Bati la visheti liliruka kutoka mezani likaja kugonga karibu na gia. Mtoto akachomoka mapajani mwa bibi yake akaangukia kati ya kiti na meza. Alhamdulillahi, alitoka na nundu ya paji la uso tu. Mke wangu hakusema na mtu mpaka Perpignan.

Ni yule yule aliyewabeba watoto wetu wanne mgongoni, anayenyanyua ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Mkono wake haukuwa dhaifu. Hesabu ndiyo iliyomshinda. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 kwa kitambo cha kufumba jicho huvuta mbele kwa nguvu ya kama mara thelathini ya uzito wake. Hizo ni kilo 300, magunia matatu ya mchele. Yupo mama hapa wa kuyadaka? Na akijifunga mkanda pamoja naye ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mwili wa mama unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Pajani ni pahali pa kulishwa na kubembelezwa, gari likiwa limesimama.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kuwa safari ina fungu la adhabu ndani yake, inamkatiza mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Tunaikubali adhabu hiyo kwa nafsi zetu, ila kwa mtoto tunataka asiionje hata tone. Naye ni msafiri. Atalia. Mama yake Musa, Qur'ani inatuambia, moyo wake ulibaki mtupu, alikaribia kutoboa siri kwa uchungu, na mikono yake haikuwa na kitu. Mtoto alikuwa salama kwa sababu hakuwa mikononi mwake. Nendeni na hilo barabarani mkimsikia wenu analia.

Sasa mambo ya fundi, maana nimewaahidi.

Kwanza kabisa kabla ya kulipa pesa, hesabuni mikanda, msihesabu vitanda. Gari likitangazwa kuwa la kulala watu sita, huenda lina viti vinne tu vyenye mikanda. Wawili waliobaki watakaa wapi likitembea? Kitandani? Kulala kitandani gari likiwa mwendoni ni kulala juu ya meza ya mchinjaji, na mtoto ndiye atakayeruka wa kwanza.

Kiti cha mtoto hufungwa kwenye kiti kinachotazama mbele au nyuma, hakifungwi kwenye benchi la ubavuni kamwe. Ulizeni mkanda ni wa pointi tatu, wa begani na kiunoni, au ni wa kiunoni peke yake, kwani magari mengi ya zamani ya aina hii yana wa kiunoni, na viti vingi vya watoto havishikiki nao. Ukiwa na kiti cha Isofix chenye mguu wa kusimama sakafuni, piga sakafu kwa kisigino pale mguu utakapokaa. Mkisikia inalia tupu, chini yake kuna sanduku la kuhifadhia vitu, na mguu utalitoboa siku ya siku. Mwulizeni mwenye gari kwa maandishi, naye ajibu kwa maandishi. Waislamu tumeamrishwa kuandikiana hata deni dogo. Hili si dogo.

Bora zaidi chukueni viti vyenu wenyewe. Mnavijua, mtoto amevizoea, mnajua havijawahi kupata ajali. Kiti kilichokwisha kugongwa kimemaliza kazi yake hata kama hakina mkwaruzo. Kitazameni kibandiko: herufi E ndani ya duara, na kwa viti vipya namba R129. Viti hivyo vya R129 mtoto hutazama nyuma mpaka avuke miezi 15, na akikaa zaidi hivyo ni heri kwake. Wasweden walilianza hili. Mwaka 1964 daktari wao Bertil Aldman aliwatazama wanaanga wa Marekani wanavyolala chali wakirushwa, mgongo ukipokea nguvu yote, akaona ndivyo kichanga anavyostahili kukaa, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo ni laini. Kutazama nyuma kwenye kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa uliowashwa, hapana, hapana, hapana. Mfuko ule ukifumka hupiga kiti kwa nguvu ya kuua.

Halafu mipaka. Feri ya Dover kwenda Calais ni saa moja na nusu tu, lakini mkishuka mmeingia chini ya sheria nyingine. Hapa kwetu mtoto hukaa kwenye kiti chake mpaka atimize miaka 12 au sentimita 135, lolote litakalotangulia. Ufaransa wanahesabu miaka 10, na walio chini yake hukaa nyuma. Faini ni euro 135. Hispania ni sentimita 135, nao nyuma. Mkigeukia Ujerumani au Italia, urefu ni sentimita 150, kwa hiyo yule bwana mdogo wenu wa miaka tisa anayejigamba kwamba amemaliza mambo ya kitoto, akivuka huko anarudi kwenye kikalio chake. Atanuna. Tumeingia nchi za watu kwa masharti yao, na Muislamu hufungwa na sharti alilolikubali.

Na kipo kitu ambacho hakimo katika sheria yoyote niliyoisoma. Kempavani nyingi za hapa zina mlango wa pembeni kushoto, upande wa njia ya miguu. Ukishafika Calais na kuanza kuendesha kulia, mlango ule unafunguka kwenye magari. Watu wa Dar es Salaam mzunguko wa barabara mnauita kipilefti. Huko kipilefti chenyewe kinazungushwa upande wa pili, na mlango wenu nao umehamia upande wa pili bila kusogea. Mtoto aliyezoea kurukia nje atarukia palepale alipozoea. Mtu mzima ashuke kwanza, azunguke, amshike mkono.

Vyombo vya jikoni vifungeni. Mtungi wa gesi una kabati lake, ufungwe kwa mkanda wake na vali ifungwe. Sufuria, birika, chupa za maji na, ndiyo, mabati ya visheti, viingie kabatini na kabati lifungwe kwa kitasa. Mie sikusikia nilipoambiwa.

Mtaniuliza, basi mtoto akilia tufanye nini? Simameni. Wataalamu wanashauri mtoto mchanga asikae kwenye kiti zaidi ya saa mbili mfululizo, na barabara kuu za Ufaransa zina vituo vya kupumzikia kila baada ya mwendo mfupi, vyenye vyoo, majani na kivuli. Mnayo ruhusa ya kujumuisha Adhuhuri na Alasiri. Msiitumie ruhusa hiyo ili mfike mapema. Wakati wa sala ukiingia simameni, mtoto atambae kwenye majani, bibi ampakate mpaka akinai, mswali, mle, ndipo mfungane tena. Mkichelewa Granada siku moja, Alhambra imesimama pale tangu karne ya 13, itawangoja.

Kuna mzee mmoja aliniambia wiki iliyopita: "Ustadhi, sisi tulikua tukisafiri wanane nyuma ya pikapu kutoka Tanga hadi Lushoto, na tupo." Nikamjibu, wewe upo. Nikamwuliza kama anawakumbuka wasiokuwepo. Alinyamaza, kisha akataja majina mawili, na tukawaombea pale pale.

Adhana imekaribia. Baada ya sala, wenye viti vyao wavilete kwenye maegesho, yupo ndugu yetu fundi atakayewaonyesha namna ya kuvifunga na kuvikaza. Nimepiga alama mbili za penseli ukutani, pale kwenye rafu ya viatu, ya chini ni 135 na ya juu ni 150. Mkitoka wapimeni watoto kabla hawajavaa viatu.