Rangi ya Shaba, Rangi ya Njaa

Kuna swali ambalo sisi tunaopiga picha hulikwepa kwa kusema "mwanga ni mwanga tu": je, ni haki kutengeneza picha nzuri kutokana na kitu kilichowaumiza watu? Nataka tulijadili kupitia kitu kimoja, shaba. Shaba ya sanamu za mjini, na ile rangi ya shaba inayoifunika nchi ya Ugogo kila mwaka mvua zikishakata.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili chetu hakibagui sana hapa. Waya wa umeme ni shaba, medali ya mshindi wa tatu ni shaba, sanamu ya barabarani ni shaba. Mafundi wanajua kwamba ya sanamu ni mchanganyiko wa shaba na bati (bati la madini, siyo lile la kuezekea), na kwamba mchanganyiko huo ni mgumu kuliko shaba tupu na huingia vizuri kwenye kalibu, mpaka kwenye mikunjo ya nguo na kona za macho. Ukikaa nje miaka mingi, hewa na mvua huugeuza rangi, ukawa mweusi, kisha wa kijani.

Kuipiga picha ni kazi kweli. Chukua sanamu nyeusi mbele ya anga jeupe la saa saba mchana. Simu yako itapima mwanga wa anga, itapunguza mwanga wote, na utabaki na kivuli chenye umbo la mtu. Ukigusa kioo pale usoni pa sanamu, uso unatokea lakini anga linapotea lote kwa weupe. Kila mara unachagua kipi kionekane na kipi kipotee. Hilo ni suala la ufundi, lakini naamini ni suala la maadili vilevile.

Sanamu ya shaba inayojulikana kuliko zote nchini ni ya Askari, pale Samora Avenue, Dar es Salaam. Ilichongwa na Mwingereza, James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kutumika upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Askari amesimama juu ya jiwe, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Maneno yaliyoandikwa chini yake alitunga Rudyard Kipling. Yanawataja askari, yanawataja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, halafu yanaahidi kwamba anayekufa vitani wanawe watalikumbuka jina lake.

Sasa tafuta hilo jina. Halipo. Shaba yote ile, na hakuna jina hata moja la mtu aliyekufa. Ukipiga picha kwa namna ambayo karibu kila mtu huipiga, yaani kutoka chini, singe ikikata anga, unapata shujaa safi kabisa. Lakini wapagazi waliokufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na uchovu, hawana pembe ya kusimama inayoweza kuwaingiza kwenye fremu. Kule Nairobi, Kenyatta Avenue, mchongaji huyohuyo aliweka watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Huku kwetu, aliyepandishwa juu ya jiwe ni mwenye bunduki peke yake.

Mimi naandika haya nikiwa Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, kando ya barabara ya Dar es Salaam. Jirani yetu ni Mtumba, ulipojengwa Mji wa Serikali, kwa hiyo magari ya wakubwa hayakatiki. Utaniuliza, Ihumwa inahusianaje na askari wa Samora Avenue? Inahusiana sana. Waingereza waliuteka mji wa Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Kabla ya hapo jeshi la Wajerumani lilikuwa limechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo. Walipoingia Waingereza, nao wakachukua vilevile. Kisha mvua ikagoma. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeiandikia kwa kina, anataja vifo vya watu 30,000 kati ya watu 150,000 wa eneo hili. Ni mtu mmoja katika kila watano.

Soma tena hapo: mmoja katika kila watano. Hawa hawakubeba bunduki, na wengi wao hawakuiona vita yenyewe. Vita iliwafikia kwa njia ya ghala tupu na zizi tupu, na shamba ambalo mikono ya kulilima ilikuwa imechukuliwa kubeba mizigo ya watu wengine.

Hapo ndipo shaba ya pili inapoingia. Kati ya Juni na Novemba, nchi hii inakauka. Nyasi zinakuwa za dhahabu, mabua ya mtama na uwele yanabaki wima shambani, vumbi linaning'inia hewani. Ikifika saa kumi na mbili kasoro jioni, jua linapita ndani ya vumbi hilo na kila kitu kinageuka shaba: mawe makubwa ya vilimani, gome la mbuyu, migongo ya ng'ombe wanaorudi nyumbani. Jamani, ni pazuri. Wapiga picha wanapapenda, wageni wanapapenda, na mimi napapenda. Picha ya namna hiyo haihitaji hata utaalamu mkubwa.

Lakini muulize mkulima rangi ile inamwambia nini. Mahali panaponyesha msimu mmoja tu kwa mwaka, rangi ya shaba ni hesabu: chakula kimebaki gunia ngapi, na Desemba iko mbali kiasi gani. Ikiendelea mpaka Januari, siyo uzuri tena. Mwanga unaotufurahisha sisi unatokana na vumbi, na vumbi limetokana na kukosa mvua. Yaani kamera inavutiwa na kitu kilekile ambacho mama mwenye shamba anakiogopa.

Rafiki yangu mmoja, mpiga picha hodari, hakubaliani nami. Anasema picha siyo somo la historia. Ukiibebesha kila msiba uliopita mahali pale, hutabonyeza kitufe maisha yako yote. Ana hoja. Sidhani kwamba uzuri ni dhambi, wala sidhani kwamba aliyekufa kwa njaa anasaidika na picha mbaya. Mkulima huyohuyo anayehesabu magunia naye hutoka nje jioni akaangalia vilima. Uzuri ni wake pia.

Kuna na wanaosema tuziondoe sanamu zenyewe. Imewahi kufanyika. Sanamu ya shaba ya Hermann von Wissmann, mtawala wa Kijerumani, ilisimama Dar es Salaam kabla ya vita, baadaye ikapelekwa Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, kisha tena 1968. Siwalaumu. Ila kuangusha shaba hakumrudishii mpagazi jina lake, na mbuyu wa jioni huwezi kuuangusha kwa sababu ya Mtunya.

Msimamo wangu ni mdogo kuliko huo, na pengine ni wa kiandishi wa habari mno. Naona picha haijakamilika mpaka yaandikwe maelezo yake. Fremu lazima ikate. Hiyo ndiyo kazi yake. Kwa hiyo kilichokatwa kina haki ya kutajwa pale chini. Anayeweka picha ya Askari mtandaoni na kuandika "Dar yetu" amemjengea mwenye bunduki sanamu ya pili. Akiandika kwamba ukumbusho huu wa 1927 unaahidi majina na hauna hata moja, mtazamaji atarudi juu kuiangalia upya singe ile.

Na picha ya machweo ya Ihumwa ni hivyohivyo. Andika mwezi. Andika mvua ya mwisho ilinyesha lini, na shamba lile lilitoa nini msimu huo. Maneno 20 au 30 yanatosha, na kama unamjua mwenye shamba, mwulize kwanza kama anataka jina lake liwemo.