Mkate Chini ya Mretemu

Nabii Eliya alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali katika mlima Karmeli. Muda si muda, akiogopa tishio la malkia Yezebeli, akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti wa mretemu na kuomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakumkaripia. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Akalala tena, akaamshwa ale tena, maana safari ilikuwa ndefu. Hapo ndipo moyo wangu hutulia: swali la Mungu, “Unafanya nini hapa, Eliya?”, lilingoja hadi mlima Horebu, baada ya siku 40. Wewe uliyechoka hata kusali, mwambie Bwana hivyo hivyo, bila kupamba maneno. Kisha ule, ulale. Eliya alipoinuka kuendelea na safari, Yezebeli alikuwa bado anatawala.