Haki ya Mwili kwa Mtu wa Kazi Nzito

Pongwe, iliyo magharibi ya mji wa Tanga katika njia iendayo Muheza, ni nchi ya mawe ya chokaa na mkonge. Watu wake wengi wamechuma riziki yao tangu zamani kwa nyundo, kwa panga na kwa tanuri, na tangu mwaka 1980 kiwanda cha saruji kimeongeza kazi nyingine juu ya zile za kale. Mahali kama hapa, kijana atokaye mbio barabarani baada ya sala ya alfajiri, ilhali machimbo yanamngoja jua likichomoza, huonekana kama aliyepungukiwa na akili, na wazee hawakosi kumkumbusha kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Dhihaka hiyo ina swali la dini ndani yake: mtu ambaye mwili wake hutumika mchana kutwa kwa ajili ya riziki, je, ana ruhusa ya kuutwisha mwili huo huo taabu ya pili isiyo na ujira?

Kisa cha Salman Alfarisi na Abu Dardaa ni mashuhuri katika darasa zetu. Mtume aliwaunga udugu, na Salman alipomzuru nduguye alimkuta amezama katika funga za sunna na sala za usiku, hata mkewe hakumbukwi. Akamtaka ale, akamtaka alale, akamweleza kuwa Mola ana haki juu yake, na nafsi ina haki, na ahali wana haki. Na Mtume alipoarifiwa aliyasadiki maneno ya Salman. La kuzingatia ni kwamba aliyezuiwa hakuwa katika maasi bali katika ibada. Basi ikiwa ibada yenyewe yaweza kuudhulumu mwili, mbio nazo haziwezi kudai kinga kwa hoja kwamba zina manufaa.

Lakini wale wasemao kuwa mvunja mawe amekwisha kufanya mazoezi ya kutosha nao hawakusibu. Mwaka 2021 wataalamu wa Denmark, wakiongozwa na Andreas Holtermann, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya laki moja wa Copenhagen: waliojishughulisha sana kwa mwili katika wakati wao wa faragha walipungukiwa na hatari ya maradhi ya moyo na mauti, na waliofanya kazi nzito sana walizidiwa na hatari hiyo. Wataalamu wanadhani sababu ni kuwa kazi nzito hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu saa nyingi mfululizo, nayo hurudi kesho kabla mwili haujapona, ilhali mwenye kukimbia kwa hiari huanza apendapo na huacha achokapo. Mwili wa kibarua umekodishwa. Katika mbio unatumika kwa amri ya yule aliyekabidhiwa amana yake. Kwa hiyo sioni upuuzi katika hamu ya kijana yule. Hata naiona ni hamu ya kuurejea mwili wake kwa saa moja kabla haujachukuliwa na wengine.

Hata hivyo amana ina daraja zake. Kazi imlishayo mtu na watoto wake inakaa mahali pa faradhi, na mbio mahali pa nafila, na nafila iharibuyo faradhi haina thawabu ya kutarajiwa. Wanachuoni wamemruhusu mtu wa kazi ngumu, asiyeweza kuiacha, afuturu mchana wa Ramadhani akichelea madhara, kisha alipe siku nyingine. Bali akimbiaye kwa matamanio yake hata akashikwa na kiu ya kumwangusha hana ruhusa hiyo, kwa kuwa dharura yake ameitengeneza mwenyewe. Wala asijitetee kwa Alphonce Simbu, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025 kwa kumtangulia mpinzani sehemu tatu za mia za sekunde: Simbu ni mwanariadha wa jeshi, na mbio kwake ndiyo kazi.

Mwanzo mwema, kwa rai yangu, ni mara mbili au tatu kwa juma, mwendo wa polepole ambao mtu aweza kuzungumza ndani yake, mbali na vumbi la mawe na saruji, akiwa amekunywa maji ya kutosha, maana fukuto la pwani halimsamehe mtu. Na siku ambayo viungo vinauma tangu kitandani, alale. Siku iliyo bora kupita zote ni ile asiyoshika nyundo. Siku hiyo si hisani ya tajiri: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma, na pumziko lisilopungua saa 24 mfululizo. Mwajiri amnyimaye mtu pumziko hilo amedhulumu mwili ule kuliko mbio zozote, naye ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza.