MOYO UNAPOOTA SUGU: JE, KUCHOSHWA NA KAZI NI UPUNGUFU WA IMANI?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeufanya usiku kuwa wa utulivu na mchana kuwa wa kutafuta riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.



Ijumaa ya leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo na wachache tunalitaja. Jambo hilo ni uchovu. Hatusemi uchovu wa yule aliyesukuma chukudu toka alfajiri, akarudi, akala, akalala, akaamka mzima. Uchovu huo ni neema, na usingizi ndio dawa yake. Tunasema uchovu wa mtu anayelala usiku kucha akaamka amechoka kuliko alivyolala. Anaitazama njia ya kazini kama njia ya gereza. Zamani alikuwa mpole kwa watu, leo kila anayemwuliza neno anamjibu kwa ukali.

Watu wakimwona mtu wa namna hiyo huwa na maneno yao tayari. Mmoja atasema: huyu ni mvivu. Mwingine atasema: hana shukrani, wangapi wanaitafuta kazi hiyo na hawaipati? Na sisi watu wa msikiti tuna neno letu, nalo ni zito kuliko hayo yote. Tunasema imani yake imepungua, kwamba angesali vizuri asingechoka namna hii. Swali letu la leo ndilo hilo. Je, ni kweli?

WALIOCHOKA MBELE YA MACHO YETU

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia kwetu. Ilianza kuonekana Mangina, ikafika Beni, kisha Katwa na Butembo. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Katika muda huo watu 3,470 waliugua na 2,287 walikufa. Ukitoa ule ugonjwa wa Afrika Magharibi wa miaka ya 2014 hadi 2016, dunia haijapata kuona Ebola kubwa kuliko hiyo yetu. Na kati ya waliougua, zaidi ya 150 walikuwa wafanyakazi wa afya wenyewe.

Kumbuka, ndugu yangu, kazi ile ilikuwaje. Muuguzi anamhudumia mgonjwa mchana, na jioni jirani hataki kumpa mkono. Kijana wa kikundi cha mazishi anabeba maiti ya mtu asiyemjua, na wafiwa wanamrushia mawe. Mhamasishaji anapita nyumba kwa nyumba, anaambiwa amekuja kula franga za Ebola. Mama aliyepona ugonjwa huo anarudi kuwalea watoto wachanga ambao mama zao wamo kitandani, kwa sababu yeye anaweza kuwabeba bila hofu ya kuambukizwa. Na hayo yote yalikuwa katika nchi ambayo tangu Oktoba 2014 watu wa Beni na vijiji vyake walikuwa wanauawa usiku kwa mapanga na risasi.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilivamiwa na kuchomwa moto. Siku ya Ijumaa, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Cliniques Universitaires du Graben hapa Butembo wakamwua Dokta Richard Mouzoko, raia wa Kameruni, aliyekuwa ametumwa na Shirika la Afya Duniani. Siku chache baadaye madaktari wa Butembo waliandamana kudai ulinzi. Kazi iliendelea, kwa sababu wagonjwa walikuwa bado wanaletwa. Na mwaka 2021 ugonjwa ulirudi mara mbili, kwanza upande wa Butembo, kisha Beni.

Sasa tuulize kwa haki. Watu hawa, Waislamu na Wakristo, walipofika mahali pa kushindwa kulala, pa kulia bila sababu, pa kumfokea mgonjwa ambaye jana walimwosha kwa mikono yao, je, tulipaswa kuwaambia waongeze imani?

DALILI TATU

Mei 2019, mwezi mmoja tu baada ya mauaji yale ya Butembo, Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha yake mpya ya magonjwa, na ndani yake likaeleza uchovu huu sugu wa kazi. Halikuuita ugonjwa. Liliueleza kuwa ni hali inayotokana na shida za kazi zilizodumu bila kutafutiwa njia, nalo likataja dalili tatu. Mwenyewe jipime nazo.

Kwanza, nguvu zimekwisha, na mapumziko ya kawaida hayazirudishi.

Pili, mtu anajitenga na kazi yake moyoni. Anawaona watu anaowahudumia kama usumbufu. Mgonjwa anakuwa namba ya kitanda, mwanafunzi anakuwa kelele, mteja anakuwa adui.

Tatu, anajiona hafai tena kitu. Anafanya kazi ileile, na anaona kama haifiki popote.

Jambo hili lilianza kuandikwa na wataalamu zamani kidogo. Mwaka 1974 mwanasaikolojia mmoja wa New York, Herbert Freudenberger, alilieleza baada ya kuwatazama watu waliojitolea kuwatibu maskini bila malipo. Tena alilijua kwa nafsi yake, maana mchana alikuwa na kazi yake na usiku alikuwa kwenye kliniki ile. Angalia vizuri hapo. Watu aliowaona wamekwisha hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliokuja kwa moyo mkubwa na kukaa muda mrefu kuliko wengine.

Kati ya dalili hizo tatu, ile ya pili ndiyo inayotuhusu zaidi tunapozungumza habari ya wema na ubaya. Mtu anayebeba magunia huota sugu mkononi. Sugu humlinda asiumie, na kwa sababu hiyohiyo kiganja chake hakisikii tena vizuri. Moyo nao ni hivyo. Aliyeona vifo vingi mno moyo wake huota sugu ili asianguke. Lakini sugu ya moyo haichagui: inamzuia asisikie maumivu ya mgonjwa, na akifika nyumbani inamzuia asisikie furaha ya mtoto wake. Basi usingoje mwili uanguke. Siku unapoona aliye mbele yako anateseka nawe huna neno, ujue hapo umefika mpaka.

Na tuseme ukweli wote. Uchovu unaeleza ukali, lakini hauuhalalishi. Mama aliyetukanwa akiwa na uchungu wa kuzaa ametukanwa kweli, na ana haki ya kuombwa radhi. Ndiyo maana hatuwezi kuliacha jambo hili kuwa siri ya mtu binafsi. Asiyejipumzisha mwisho wake anawadhulumu wengine.

KAMBA KATI YA NGUZO MBILI

Turudi kwenye lile neno letu la msikiti, kwamba anayesali vizuri hachoki. Katika Hadithi zilizo sahihi tunasimuliwa kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa kati ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya Bibi Zainab, anaposali mpaka akachoka huishikilia ili asianguke. Mtume hakusifu kamba ile. Aliamuru ifunguliwe, akafundisha kwamba mtu asali akiwa na nguvu zake, na akichoka akae.

Ndugu yangu, lizingatie jambo hili. Bibi Zainab hakuwa mchache wa imani. Kazi aliyokuwa anaifanya ilikuwa sala, na hakuna kazi bora kuliko hiyo. Na hata hivyo kamba ilifunguliwa. Ikiwa kwa sala ya hiari haikutakiwa mtu aning'inie, basi ni kazi gani ya dunia inayotaka tuning'inie kwenye kamba mpaka tuvunjike?

KANUNI YA VAZI LA KINGA

Tena sisi tulio Beni na Butembo tumefundishwa jambo hili kwa macho. Katika vituo vya Ebola hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwa wagonjwa akiwa peke yake. Waliingia wawili wawili, kila mmoja akimwangalia mwenzake. Muda wa kuingia uliandikwa. Ndani ya lile vazi la kinga mtu hutiririka jasho, miwani ikapata ukungu, kichwa kikazunguka. Kwa hiyo muda ulipimwa, mara nyingi kama saa moja, na ulipokwisha ulitoka, hata kama mgonjwa alikuwa bado anakuita. Mwenzako aliingia badala yako.

Je, aliyetoka alimsaliti mgonjwa? Hapana. Aliyezimia mle ndani angekuwa hatari kwa nafsi yake, kwa mwenzake na kwa mgonjwa. Kutoka kwa wakati kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Nasi tunasema moyo nao una vazi lake na saa yake. Tofauti ni kwamba saa ya moyo haiandikwi ubaoni, hivyo anahitajika mwenzako wa kukuangalia na kukuambia: ndugu, muda wako umekwisha, toka upumue.

MZIGO HUU NI WA NANI?

Kuna maneno tunayopenda kumwambia aliyechoka: Mungu hambebeshi mtu asichokiweza. Maneno hayo ni ya kweli, na asili yake ni ndani ya Kitabu. Lakini mara nyingi tunayatumia mahali pasipo pake. Yanaeleza uadilifu wa Mwenyezi Mungu. Hayaelezi tabia ya mwenye duka, ya mkubwa wa hospitali, ya mkurugenzi wa shule au ya tajiri mwenye pikipiki anayedai hesabu kila jioni. Mungu hambebeshi mtu asichokiweza, lakini binadamu humbebesha mwenzake kila siku.

Kwa hiyo Mtume (s.a.w.) aliwaonya wenye watu chini ya mikono yao wasiwape kazi inayowashinda, na wakiwapa, basi wawasaidie. Akaonya pia juu ya kuchelewesha ujira wa mfanyakazi. Nchini mwetu wauguzi wengi wa serikali wamefanya kazi miaka mingi bila mshahara kamili, wakiishi kwa posho na kwa kile wanacholipa wagonjwa. Anayekesha usiku kisha asilipwe anachoka mara mbili, mara ya kwanza kwa kazi, mara ya pili kwa kujiona si kitu. Ikiwa wewe ni mwajiri, usimpeleke mfanyakazi wako kwa imamu akaombewe kabla hujaitazama zamu uliyompangia na franga unazomdai wewe kumlipa.

TUFANYE NINI?

Utasema: maneno mazuri, lakini nikipumzika watoto watakula nini? Swali lako ni la haki, wala hatutakuambia uache kazi. Wengi wetu hatuna uwezo huo. Tunasema haya machache.

Kwanza, litaje. Mwambie mke wako, mume wako, au mtu mmoja unayemwamini kazini. Nabii Musa (a.s.) alipopewa kazi kubwa aliomba asaidiwe na ndugu yake Haruni, na ombi lake lilikubaliwa. Kuomba msaidizi ni mwendo wa Manabii.

Pili, linda mapumziko madogo kama unavyolinda pesa. Sala tano zinakuondoa kazini mara kwa mara. Usizisali mkononi umeshika simu ya kazi. Lala usiku usio na zamu. Kula umekaa.

Tatu, tusaidiane kwa zamu. Tunajua likelemba ya pesa, kila mmoja anapokea kwa zamu yake. Basi tufanye na likelemba ya muda. Jirani ambaye ni muuguzi akitoka kazini asubuhi, wewe wapeleke watoto wake shule. Mwalimu aliyefiwa, mwenzake amshikie darasa wiki moja. Kina mama wa msikiti wanajua kupika kwa zamu kwenye msiba. Wasingoje msiba.

Nne, ujue mpaka wa maneno. Ikiwa usingizi umekwisha kabisa kwa majuma, ikiwa unakunywa ili usahau, au ikiwa yanakujia mawazo ya kutaka kufa, hilo limepita uchovu. Nenda kwa daktari au mwanasaikolojia, na usione haya. Anayemwona mwenzake katika hali hiyo asimwache peke yake.

Ndugu Waislamu, turudi kwenye swali letu. Kuchoshwa na kazi si upungufu wa imani. Mwili na moyo ni amana. Hukuviumba wewe, na utaulizwa ulivitumiaje. Na mwenzako aliyekwisha nguvu naye ni amana mkononi mwako. Leo tukitoka msikitini, kila mmoja amfikirie mtu mmoja anayemjua ambaye siku hizi hacheki tena. Aende kwake asiende na mawaidha. Aende amwulize: nikushikie nini, upate kukaa kidogo?

Ewe Mola wetu, uwape nguvu wanaowahudumia waja wako, uwarehemu waliokufa katika kazi hiyo, uzilainishe nyoyo zetu zilizoota sugu, na uipe amani Beni, Butembo na nchi yetu yote. Amin.

Wabillahi tawfiq.