Maana Hukaa Wapi Ndani ya Neno?

Jina Daudi, la kata iliyoko Mbulu mkoani Manyara, lina silabi tatu, Da-u-di, na mofimu, yaani kipande kidogo kabisa chenye maana, moja tu. Kinywa hulikata mara tatu; akili haioni pa kulikatia. Hapo ndipo linapozaliwa swali kongwe la falsafa: je, maana ya neno hutokana na vipande vyake?

Kiswahili huelekea kujibu ndiyo. Hatukumwona hutamkwa ha-tu-ku-mwo-na. Mofimu zake ni ha- ya ukanushi, -tu- ya nafsi, -ku- ya wakati uliopita, -mw- ya mtendwa, mzizi -on- na irabu -a ya mwisho. Tatu za kwanza zinalingana barabara na silabi, kisha mambo yanavurugika. Silabi mwo imebeba mtendwa pamoja na irabu ya mzizi, huku konsonanti ya mzizi ikihamia silabi ya mwisho. Basi -on-, kipande chenye uzito kuliko vyote, ndicho ambacho hakuna anayekitamka peke yake.

Maneno marefu ya Kiingereza anayokutana nayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza yana mtego mwingine. Photosynthesis lina silabi tano na vipande vitatu vya Kigiriki: nuru, pamoja, kuweka. Anayevijua vyote bado hajajua kwamba jani hutengeneza sukari kwa maji na hewa ya kabonidayoksaidi. Usanisinuru la Kiswahili liko wazi zaidi, lakini nalo halimfundishi mtu biolojia.

Kiiraqw, lugha ya Kikushi ya wenyeji wa Mbulu, kinaongeza ugumu. Ng'ombe mmoja ni slee. Ng'ombe wengi ni hikwa. Wingi umo, ila hakuna sauti ya kunyooshea kidole ukasema ndiyo hiyo.

Wanafalsafa nao waligawanyika. Katika mazungumzo yaitwayo Cratylus, Plato alimwonyesha Socrates akipasua majina hadi herufi, nusu kwa mzaha, akiusaka ukweli ndani yake. Bhartrhari, mwanafalsafa wa India, alishika njia nyingine: maana humjia msikilizaji kwa mkupuo, na vipande ni kazi ya mwanasarufi baadaye. Kwa hikwa, Bhartrhari anashinda. Kwa vitenzi vya Kiswahili hoja yake inayumba: kubeti ni neno la juzi tu, na hakuna aliyefundishwa darasani kusema hatukubeti; msemaji hulijenga mwenyewe kwa vipande.