Je, Mwenye Kubadili Hadithi ya Kale Asema Uongo?

Wazee wa kando ya ziwa, toka Uvira hata Fizi, wakumbuka mwaka 1964. Vijana walinyunyiziwa dawa, wakaambiwa ya kuwa risasi zitageuka maji, nao wakaenda vitani wakipaza sauti: "Mai Mulele!" Wengi hawakurudi.

Ng'ambo ya ziwa, mbali huko kusini mwa Tanganyika, jambo kama hilo lilikwisha tokea mwaka 1905. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe aliwagawia watu maji ya kuwakinga na bunduki za Wadachi. Wadachi walimnyonga mwaka ule ule, lakini vita vya Maji Maji viliendelea hata 1907, na vita pamoja na njaa viliua makumi ya maelfu.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Kinjeketile, akitangaza waziwazi kwamba mtu wake si yule wa historia. Kinjeketile huyu ana shaka. Aona kuwa maji yamewapatanisha makabila, lakini hana hakika kama yatazuia risasi. Tena pepo Hongo amenena kwa kinywa chake kwamba Wadachi wakiisha kushindwa, watu watakuwa watoto wa Seyyid Said. Kumfukuza bwana mmoja ili kumpata mwingine! Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961. Swali hilo liliwahusu watazamaji wenyewe.

Wayunani wa kale walifanya vivyo hivyo. Ushindi wa babu zao huko Troya uliimbwa kwa fahari. Mwaka 416 kabla ya Kristo jeshi la Athene lilikizingira kisiwa cha Melos. Kiliposalimu amri, wanaume waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Mwaka 415 Euripides aliwaonyesha Waathene mchezo juu ya wanawake wa Troya: wajane wagawanywa kama nyara, mtoto mdogo atupwa toka ukutani. Melos haikutajwa.

Je, hao wawili wamevunja amri ya nane? Mwongo hutaka msikilizaji asijue kilichobadilishwa. Hussein alikisema, na Waathene walikuwa wameisikia habari ya Troya toka utotoni. Afadhali waulizwe wale waliowagawia vijana maji pasipo shaka yo yote.

Hata hivyo limebaki jambo gumu. Mwishoni mwa mchezo Kinjeketile aamriwa kukiri kwamba maji ni uongo. Akataa, maana Wadachi watawaambia watoto kuwa wazee wao walikosea kupigana. Mama aliyempoteza mwanawe mwaka 1964 huenda asilikubali jibu hilo.