Nani Atatushuhudia?

Dada mmoja wa kikundi chetu cha vijana alinijia hapa Kilembe na karatasi nyeupe, tupu, na kalamu juu yake. Alimaliza mwaka wa sita upande wa Beni, akafanya mtihani, akapata diploma ya Leta. Diploma ilikuwa ndani ya sanduku, sanduku lilikuwa ndani ya nyumba, nyumba iliungua. Sasa kuna chuo kimoja cha ufundi kinakubali kumpokea, lakini wanataka vyeti, na kama havipo, walau barua ya mtu anayemjua.

"Yaya, andika tu kwamba ulinifundisha kule," akasema. "Nani ataenda mpaka Beni kuuliza?"

Mimi sikumfundisha kule. Nilimjua hapa, wakati watu walikuwa wanavuka kwa wingi kutoka Kasindi kuja Mpondwe na magodoro kichwani. Nikamwambia arudi baada ya siku tatu. Hizo siku tatu sikulala vizuri, na ndiyo sababu naandika hii.

Mtu aliyepoteza karatasi amepoteza nini hasa? Jibu la haraka ni kwamba hakupoteza kitu, elimu iko kichwani. Sisi wakimbizi tunalipenda sana jibu hilo kwa sababu linatufariji. Lakini si kweli yote. Elimu ambayo hakuna mtu anayeiamini haikupi dawati wala kazi. Na yule anayetushuku si lazima awe mtu mbaya. Tusidanganyane, karatasi za uongo zipo, na vijana wetu wanajua wapi zinatengenezwa na kwa bei gani. Mimi mwenyewe nikimpeleka mama hospitali, nataka anayemdunga sindano awe amesoma kweli, asiwe amenunua. Kwa hiyo swali si karatasi tu. Swali ni nani anaweza kusimama mbele ya mwenzake na kusema: huyu ninamjua.

Angalia Makerere. Ukitaka chuo kikuu cha kizee huku kwetu, kile ambacho wazazi wanakitaja kwa sauti ya kanisani kama Waingereza wanavyotaja Oxford, ni hicho cha juu ya kilima Kampala. Kilianza mwaka 1922 na wavulana 14, wakijifunza useremala, ujenzi na umakanika. Shule ya ufundi, kama hicho chuo cha huyu dada! Nyerere alisoma pale miaka ya 1943 mpaka 1945 akatoka na diploma ya ualimu, maana digrii zilikuwa bado. Zilipokuja, kuanzia mwaka 1949, zilikuwa digrii za Chuo Kikuu cha London. Kwa miaka mingi Makerere ilifundisha, lakini London ndiyo iliweka jina lake. Mwaka 1963 ikaingia katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam, na mwaka 1970 tu ikasimama peke yake. Yaani hata huyo mkubwa tunayemwogopa alihitaji mtu wa kumshuhudia kabla neno lake halijatosha. Halafu mwezi wa tisa 2020 jengo lake kuu likaungua usiku. Sikusikia mtu akisema kwamba waliosoma mle sasa hawajui kitu.

Na hao wa Uingereza wenyewe? Oxford maana yake ni kivuko cha maksai, mahali ng'ombe walipita mtoni. (Sisi wa Mpondwe tunajua mji unaozaliwa na kivuko.) Mwaka 1209 mwanamke mmoja aliuawa pale, na aliyeshukiwa alikuwa mwanafunzi. Alikimbia. Watu wa mji wakawakamata wenzake aliokuwa anaishi nao, wakawanyonga. Wewe unayesoma hapa huenda unajua hiyo hesabu: mmoja anakosa, wanalipa wa nyumba yake, wa kabila lake, wa lugha yake. Walimu na wanafunzi wakatawanyika, na baadhi wakaenda mji unaoitwa Cambridge, wakaanza kufundisha huko. Hawakuwa na majengo ya chuo. Ni mwaka 1231 ndipo mfalme Henry wa Tatu aliwapa ulinzi wake kwa maandishi. Miaka 22 baadaye! Leo Cambridge inahesabu umri wake kuanzia ule mwaka wa kukimbia, haihesabu kuanzia karatasi ya mfalme.

Hadithi hii naipenda, lakini naiogopa kidogo pia. Wale walikimbia wakiwa wengi, mwalimu pamoja na mwanafunzi wake, na kila mmoja alikuwa na wenzake wa kusema alimsikia akifundisha. Huyu dada alivuka na wadogo zake wawili tu. Walimu wake sijui wako wapi, naye hajui.

Siku ya pili nikamwendea mzee jirani, aliyefanya kazi mgodini wakati shaba ya Kilembe bado inashuka kwa treni kutoka Kasese. Vyeti vyake vyote vilichukuliwa na Nyamwamba, mafuriko ya mwezi wa tano 2013. Nikamuuliza kama aliwahi kuwa na shida ya kuaminiwa. Akacheka. "Kijana wangu, mimi niko nyumbani. Hapa kila mtu aliniona nikitoka zamu." Hakuongeza kitu, akarudia kufunga waya wa redio yake. Nadhani hiyo ndiyo tofauti kati yake na sisi. Maji yalimchukulia karatasi, lakini macho yaliyomwona yalibaki. Sisi tuliacha karatasi na macho pia.

Basi nikafikiri: macho yangu yameona nini? Nimemwona huyu dada miezi saba chini ya turubai letu akifundisha hesabu watoto ishirini na zaidi, Wanande wa kwetu na Wakonzo wa hapa, bila kulipwa. Nimemwona akirekebisha kosa langu mwenyewe la sehemu, mbele ya watoto, kwa adabu. Hiyo sikuisikia kwa mtu.

Aliporudi nilimpa barua ya mistari sita. Beni haimo, isipokuwa kwamba yeye anasema alisoma huko. Nimeomba pia wampe mtihani wao wenyewe, wamwone. Akaisoma mara mbili, amesimama.

"Ni fupi, Yaya."

"Ndiyo."

"Na wakikataa?"

Nikamwambia tutapanda boda twende pamoja, nami niseme hayo hayo kwa mdomo. Hakufurahi sana. Aliikunja mara nne, akaiweka ndani ya ile plastiki anamotunza kitambulisho chake cha mkimbizi, akaenda kufundisha.